Maisha katika Gampong ya Aceh: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Jina la Aceh, jimbo la Indonesia, liliwafikia watu wengi wa Afrika Mashariki wakati wa tsunami ya Desemba 2004, likiwa limefungamana na maji na maiti, na kwa wengi halijatoka hapo. Ukurasa huu unajibu maswali yanayorudiwa kuhusu kijiji cha huko, yaani gampong: nyumba ni ya nani, nani anagawa maji ya mpunga, vijana hulala wapi, na kwa nini siku moja kabla ya Ramadhani hakuna nyumba isiyonukia nyama. Mifano mingi ni ya wilaya za Aceh Besar na Pidie, kwa kuwa huko desturi zinazoelezwa hapa zimeshikwa kwa nguvu; pwani ya magharibi na milima ya Wagayo ina mambo yake.

## Mambo ya msingi

1. Aceh iko wapi, na gampong ni nini?

Aceh ni jimbo la kaskazini kabisa mwa kisiwa cha Sumatra, nchini Indonesia, pale Bahari ya Hindi inapokutana na Mlango wa Malaka. Sensa ya mwaka 2020 ilihesabu watu zaidi ya milioni 5, na vijiji vya jimbo zima vinazidi 6,000. Kijiji kwa Kiaceh ni gampong. Kwingineko Indonesia serikali hukiita desa, lakini Aceh, baada ya kupewa mamlaka maalumu ya ndani, ilirudisha jina lake la asili, na pamoja na jina ikavirudisha vyeo vya zamani vinavyoelezwa katika swali la 8.

Gampong kadhaa huungana kuwa mukim mmoja. Asili ya mukim ni watu wanaoswali Ijumaa katika msikiti mmoja, kwa hiyo hata mipaka ya utawala ilichorwa kwa kufuata ibada.

2. Mtu anayeingia gampong anaona nini kwanza?

Anaona miti. Gampong ni mfano wa kisiwa cha minazi, mipopoo, mifenesi, migomba na mianzi katikati ya majaruba ya mpunga, na mtu akiwa barabarani anaweza kuyaona majani yote hayo asiione nyumba hata moja. Vichochoro vinavyoitwa jurong hupita kati ya nyua, na kila ua una kisima chake au bomba, kuku wake, na kamba ya nguo. Mbele ya ngazi ya nyumba ya kizamani kuna mtungi wa maji na kata yake, kwa sababu hakuna anayepanda na matope ya jaruba miguuni.

Saa ya kukijua kijiji ni magharibi. Pikipiki hunyamaza, watoto waliokwisha kuoga hutoka na misahafu kifuani kuelekea kusoma, na kutoka kila upande husikika sauti zao zikipishana, mmoja yuko Juzuu Amma, mwenzake bado anahangaika na herufi. Mtu aliyelelewa Unguja, Pemba au Lamu hataambiwa pale ni saa ngapi.

3. Wanazungumza lugha gani?

Wanazungumza Kiaceh, ambacho kwa nasaba kina undugu wa karibu zaidi na lugha za Wacham wa Vietnam na Kambodia kuliko na Kimalei. Kiindonesia ni lugha ya shule, ofisi na televisheni. Salamu ya kila siku ni «Peue haba?», na neno haba limetoka katika khabar ya Kiarabu, yaani shina lilelile lililotupa sisi «Habari gani?».

## Nyumba na wenyewe

4. Kwa nini nyumba ya kizamani imejengwa juu ya nguzo?

Rumoh Aceh, yaani nyumba ya Kiaceh, husimama juu ya nguzo za mti kwa urefu ambao mtu mzima hupita chini bila shida, au akiinama kidogo. Nguzo hizo huiepusha na mafuriko, unyevu na wanyama, lakini faida kubwa zaidi ni uwanja unaopatikana chini yake: pale huwekwa kuni na zana za shamba, pale wanawake hufuma na kupepeta, na pale hapo zamani palikaa jeungki, kinu cha gogo refu kinachotwangwa kwa kukanyagwa na mguu.

Juu, nyumba ina sehemu tatu. Ukumbi wa mbele ni wa wageni wa kiume, usomaji na shughuli. Ukumbi wa nyuma ni wa wanawake, na mara nyingi ndiko jikoni. Katikati, juu kidogo ya kumbi zote mbili, kuna chumba kinachoitwa rumoh inong, «nyumba ya kike», na ndimo analala mwenye nyumba. Mgongo wa paa huelekea mashariki na magharibi, ngazi huwa na vidato vya idadi isiyogawanyika kwa mbili, na mlango ni mfupi kiasi kwamba kila aingiaye, awe tajiri au fukara, huinamisha kichwa.

Misumari haikutumika. Mbao zilitiwa matundu, zikapenyezwa zikashikana, zikakazwa kwa vigingi na kabari, ndiyo sababu nyumba nzima iliweza kubomolewa na kusimikwa upande wa pili wa kijiji. Paa la majani ya msago lilifungwa kwa kamba ambayo, moto ukizuka, hukatwa ili paa lote liporomoke chini kabla halijaiunguza nyumba. Fundi aliyewaza jambo hilo aliufikiria moto siku ileile aliyoinua nguzo ya kwanza, na mimi huuheshimu ufundi wa namna hiyo kuliko nakshi zote za kuta.

5. Ni kweli kwamba nyumba ni ya mwanamke?

Ni kweli, na asiyelielewa hili hataielewa gampong. Kwa desturi ya Aceh Besar na Pidie, binti akiolewa mume ndiye anayehama, akaishi kwa wakwe zake. Wazazi wenye uwezo humpa binti nyumba, na pengine jaruba, kama zawadi inayoitwa peunulang. Wakiwa na mabinti watatu, hujitahidi kupata nyumba tatu, na mara nyingi wazazi wenyewe huhamia kijumba cha uani ili kumwachia mmojawapo nyumba kubwa. Kwa hiyo ukizunguka ua mmoja utawakuta mama, mabinti zake, dada zake na watoto wao, watu waliojuana tangu utotoni, na katikati yao wamo wanaume waliotoka gampong nyingine. Mke huitwa po rumoh, yaani mwenye nyumba, na neno hilo lina maana yake kamili.

Mabibi na mabwana harusi wapya hawaachwi wajitegemee papo hapo. Kwa mwaka mmoja au zaidi hula chungu kimoja na wazazi wa mke, kisha hufanyiwa peumeukleh, yaani kutengwa rasmi: hupewa nyumba yao, vyombo vyao na sehemu yao ya shamba, na tangu siku hiyo hujipikia.

Jambo hili lisichanganywe na ukoo wa kuukeni kama wa majirani zao Waminangkabau. Kwa Waaceh nasaba hufuata baba na mirathi hufuata faraidhi. Nyumba humfikia binti wazazi wakiwa hai, kama hiba, kabla mirathi haijasomwa. Msomaji wa Lamu au wa Ngazija, ambako pia binti hujengewa nyumba, hatashangaa hata kidogo. Mgongano upo kwingine: sheria ya ndoa ya Indonesia ya mwaka 1974 inamtaja mume kuwa kichwa cha familia, na kadi ya kaya huandikwa hivyo, hivyo mwanamke anaweza kuwa mwenye nyumba kijijini na mtu wa pili katika karatasi. Athari yake baada ya tsunami imegusiwa katika swali la 20, na suala la talaka liko katika swali la 23.

6. Nyumba hizo bado zipo?

Zipo, lakini ni chache. Mti mzuri umekuwa ghali, mafundi wake wamezeeka, na familia nyingi zimejenga nyumba ya matofali chini, kando ya ile ya zamani, ambayo huachiwa bibi au hutumika siku za shughuli.

## Meunasah na uongozi

7. Je, meunasah ni msikiti?

Hapana, ingawa watu huswali humo. Neno lenyewe limetokana na madrasa. Kila gampong ina meunasah yake, nayo hutumika kwa swala za kila siku isipokuwa Ijumaa, ambayo huswaliwa katika msikiti wa mukim. Ni mahali pa tarawehe, pa kusomea watoto, pa kikao cha kijiji, pa kugawia zakatulfitri, pa maulidi, na pa kusuluhisha wagomvi. Ngoma kubwa iitwayo tambo ilikuwa ikipigwa hapo kuwaita watu, kabla vipaza sauti havijaichukua kazi hiyo.

Hapo zamani meunasah ilikuwa pia bweni. Mvulana akikaribia kubaleghe aliona haya kulala nyumbani kwa mama yake, akachukua mkeka akaenda kulala meunasah na wenzake, na huko alikaa hadi alipooa na kuhamia kwa mkewe. Ukiliunganisha hili na jibu la swali la 5, utaona kwamba mwanamume wa Kiaceh, kuanzia ujana hadi uzee, alikuwa mgeni katika kila nyumba aliyolala, na paa pekee lililokuwa lake kwa haki lilikuwa lile la meunasah. Nadhani ndiyo maana wanaume wanalipenda jengo lile kupita kiasi, na ndiyo maana wengi walikwenda rantau, yaani ugenini kutafuta riziki, wakarudi na fedha karibu na Ramadhani. Leo wavulana wengi wana vyumba kwao, lakini ukipita meunasah usiku wa manane hutakosa kuwaona vijana wawili watatu wamejilaza barazani.

Wasichana husoma kwa teungku inong, mwalimu wa kike, nyumbani kwake.

8. Nani anaongoza kijiji?

Keuchik ndiye mkuu wa gampong, mtu wa kazi zinazofanana na za sheha wa Zanzibar au mwenyekiti wa kijiji wa Tanzania bara, isipokuwa kwamba, tofauti na sheha, huchaguliwa na kijiji kizima, na hubeba pia mamlaka ya kimila. Pembeni yake yupo imeum meunasah, anayesimamia ibada, ndoa, mazishi na mafunzo. Waaceh walisema tangu zamani kwamba keuchik ni baba wa gampong na imeum ni mama yake, na ukiwatazama wakifanya kazi utaona msemo huo una haki: mmoja hukemea, mwingine hutuliza. Wazee wa baraza huitwa tuha peuet, «wazee wanne», ingawa siku hizi wanaweza kuzidi wanne.

Halafu kila kazi ina mkuu wake. Keujruen blang husimamia maji na kalenda ya majaruba, panglima laot bahari, na haria peukan soko. Tangu sheria ya vijiji ya mwaka 2014, serikali kuu hupeleka fedha moja kwa moja vijijini, na kazi ya keuchik imejaa karatasi kuliko wakati wowote uliopita.

9. Ugomvi unamalizwaje?

Kanuni ya Aceh Na. 9 ya mwaka 2008 inataja aina 18 za mashauri ambayo yapaswa kuanzia kijijini kabla ya kwenda polisi: ugomvi wa mke na mume, mirathi, wizi mdogo, mipaka ya mashamba, mifugo iliyokula mazao ya jirani, mapigano yasiyo makubwa na mengine ya jinsi hiyo. Keuchik huongoza kikao, imeum na tuha peuet huketi naye, na pande zote mbili husikilizwa, kwanza faragha, nyumbani kwao, kisha mbele ya watu katika meunasah. Adhabu huanzia nasaha na kuomba radhi, hupitia faini na fidia, na huweza kufikia kutengwa.

Damu ikimwagika, hata kidogo, hufanyika sayam. Msemo wao ni «Luka ta sipat, darah ta sukat»: jeraha hupimwa, damu hukadiriwa. Aliyejeruhi huleta fedha, na kwa jeraha zito huleta mbuzi. Wawili hao huketishwa pamoja, hunyunyiziwa maji ya peusijuek (tazama swali la 17), hulishwa wali wa kunata kutoka sahani moja, na hushikana mikono mbele ya kijiji kizima. Baada ya hapo atakayelichimbua neno lile atakuwa amekivunjia heshima kikao chote.

10. Kuna tofauti gani kati ya Teungku na Teuku?

Teungku ni heshima ya mtu wa elimu ya dini, mwanamume au mwanamke. Teuku ni jina la ukoo wa watawala wa zamani, kwa wanaume. Wanawake wa ukoo huo huitwa Cut, kama shujaa Cut Nyak Dhien aliyepigana na Waholanzi pamoja na mumewe Teuku Umar, ambaye aliuawa karibu na Meulaboh mwaka 1899. Mtu usiyemjua, ukimwita Teungku hutakuwa umekosa adabu.

## Kazi na chakula

11. Watu wanaishi kwa kazi gani?

«Pangulèe hareukat meugoe», husema wao: jemadari wa riziki zote ni kilimo cha mpunga. Majaruba yote ya kijiji huitwa blang, na kwa kuwa maji ya mfereji mmoja hupita kwenye jaruba la huyu yakaenda la yule, hakuna anayepanda kwa saa yake. Keujruen blang hutangaza siku ya kusafisha mifereji, siku ya kuanza kulima na zamu ya kila mmoja ya maji, na anayeiba maji usiku hupelekwa kwake kabla ya kupelekwa kwa mwingine. Wazee waliihesabu misimu kwa keunong, siku ambazo mwezi hukutana na nyota za Nge angani. Wachache bado wanaijua hesabu hiyo. Kabla ya kulima hufanyika khanduri blang, karamu ya dua kando ya majaruba.

Asiye na ardhi hulima kwa mawaih, yaani ya mwingine kwa kugawana mavuno. Mwenye ardhi aliyebanwa na shida huiweka gala, rehani inayohesabiwa kwa dhahabu, si kwa rupia: hupokea mayam kadhaa (mayam moja ni kama gramu 3.3), na jaruba hubaki mikononi mwa aliyetoa dhahabu hadi dhahabu ileile irudi. Bei ya dhahabu ikipanda, maskini ndiye anayeumia, na zipo familia ambazo wajukuu bado wanalikomboa jaruba lililowekwa na babu.

Kulima na kupura sasa ni kwa mashine. Kilichobaki cha mikono ni kupandikiza miche, na hiyo ni kazi ya wanawake walioinama safu moja, wakirudi nyuma hatua kwa hatua.

12. Wanawake wa Pidie hutengeneza nini kwa mbegu za mlinjo?

Hutengeneza chipsi. Mlinjo ni mti ambao Waaceh huuita mulieng, na mji wa Beureunuen umejulikana kwa biashara yake. Mwanamke huketi chini ya nyumba au barazani na moto mdogo pembeni. Hukaanga mbegu kavu hadi ganda linalia, huichukua moja ikiwa bado ya moto, hulipasua ganda kwa pigo dogo, huiweka kokwa juu ya jiwe na kuibonda mara moja au mbili ikawa bapa. Ya pili huiweka ukingoni mwa ya kwanza, hubonda tena zikashikana, ya tatu, ya nne, hadi duara jembamba linapatikana, ambalo huanikwa kwenye mkeka juani. Likikaangwa kwa mafuta hufura na kuwa chipsi yenye uchungu mwepesi. Ncha za vidole vya wanawake hawa zimekomaa kwa moto, na bei wanayolipwa na mlanguzi hailingani kabisa na kazi hiyo.

13. Wanakula nini?

Wanakula wali mara tatu kwa siku, wakiweza. Mchuzi wao una ukali unaotoka katika asam sunti, na hapa mtu wa pwani yetu afungue macho, kwa kuwa asam sunti ni mbirimbi. Mbirimbi mbichi hutiwa chumvi, huanikwa juani kwa siku nyingi, hurudishwa katika chumvi na kuanikwa tena hadi ziwe nyeusi, laini na zilizosinyaa, kisha huhifadhiwa mwaka mzima. Husagwa na pilipili na manjano, ndipo samaki anapopikwa.

Pliek u ni machicha ya nazi iliyoachwa ichachuke, ikaanikwa na kukamuliwa mafuta. Hupikwa na mboga za kila aina katika chungu kimoja. Keumamah ni jodari aliyechemshwa na kukaushwa hadi akawa mgumu kama kuni, na hupasuliwa vipande vyembamba anapotakiwa. Kilikuwa chakula cha safari na cha vita.

14. Kwa nini wanaume hukaa sana kwenye kahawa?

Kwa sababu nyumba ni ya mke. Mchana mwanamume asiye shambani hukaa keude kupi, yaani duka la kahawa, ambako huuza, hununua, husikia habari, hupanga kazi na hukutana na keuchik bila miadi. Kahawa huchujwa kwa mfuko mrefu wa kitambaa: muuzaji huuinua juu ya kichwa, kahawa ikashuka kama uzi hadi kwenye kopo lililo karibu na goti, na hurudia mara kadhaa. Pwani ya Meulaboh wana kupi khop, ambapo gilasi yenye kahawa hupinduliwa juu ya kisahani, na mnywaji hupuliza kwa mrija chini ya ukingo ili kahawa ivuje kidogo kidogo.

15. Vijiji vya wavuvi vinatofautiana vipi?

Mkubwa wao ni panglima laot, cheo cha tangu enzi za usultani. Huamua mipaka ya uvuvi, humaliza magomvi ya nyavu na huongoza utafutaji wa aliyepotea baharini. Siku ya Ijumaa hakuna kuvua, na tangu 2004 tarehe 26 Desemba pia ni mwiko.

## Mwaka na mapito ya maisha

16. Meugang ni nini, na kwa nini maulidi huchukua miezi mitatu?

Meugang ni siku ya nyama, siku moja au mbili kabla ya Ramadhani, Idi ndogo na Idi kubwa. Ng'ombe na nyati huchinjwa, meza za nyama hupangwa barabarani, na hakuna kaya inayotaka kukosa. Desturi hii huhusishwa na Sultani Iskandar Muda, aliyetawala kuanzia 1607 hadi 1636, ambaye nyama yake iliwafikia maskini na mayatima. Mume mpya ndiye anayetazamwa zaidi, kwa kuwa hutarajiwa kuleta nyama nyumbani kwa wakwe. Asiyeweza huumia moyoni kuliko tumboni, na kijiji chema hulijua hilo mapema kikampelekea fungu kimyakimya.

Maulidi nayo huanza Mfunguo Sita na huendelea miezi miwili zaidi, ili gampong zisome kwa zamu na kualikana. Aceh Besar hupikwa kuah beulangong, mchuzi wa nyama na fenesi changa katika masufuria makubwa mno, na wapishi wote ni wanaume. Katika kalenda ya Kiaceh mwezi wa Rajabu huitwa Khanduri Apam kwa sababu ya mikate ya unga wa mchele inayopikwa na kugawiwa majirani; anayevijua vibibi vya Unguja anaijua ladha yake nusu.

17. Peusijuek ni nini, na je, haigombani na dini?

Maana yake ni «kupoza». Maji yaliyochanganywa na unga wa mchele hunyunyizwa kwa fungu la majani maalumu, punje za mchele hurushwa, na anayepozwa huwekewa wali wa kunata wa manjano nyuma ya sikio au hulishwa, huku dua zikisomwa. Hupozwa maharusi, anayekwenda Hija, nyumba mpya, pikipiki mpya, na wagomvi waliopatana.

Wapo walimu wanaoiita bidaa na wapo wengi zaidi, hasa wa dayah (vyuo vya bweni vya madhehebu ya Shafii, kama madhehebu ya pwani yetu), wanaoiona ni dua iliyovikwa mila. Msemo wa Aceh ni kwamba adat, yaani mila, na hukumu ya dini ni kama dhati na sifa, hazitengani.

18. Kuzaliwa, ndoa na kifo hufanywaje?

Ndoa hupitia kwa seulangke, ambaye ni mshenga, na posa hupelekwa kwa tambuu: majani, popoo na chokaa vikiwa vimepangwa vizuri. Mahari huhesabiwa kwa mayam za dhahabu. Bibi harusi hupakwa hina, na bwana harusi ndiye anayesindikizwa hadi kwa mke, kwa sababu iliyoelezwa katika swali la 5.

Mzazi hukaa ndani siku 44, akiota joto la moto. Mtoto huonjeshwa asali na matunda, na baadaye hushushwa ardhini kwa mara ya kwanza kwa sherehe.

Mtu akifa, majirani hufika kwa Kurani na tahlili, na karamu za dua hufuata siku ya 3, ya 7 na nyinginezo. Wafiwa hawaachwi usiku peke yao.

## Masuala mazito

19. Vita viliwaathiri vipi wanakijiji?

Harakati za Aceh Huru, zilizopigania kujitenga na Indonesia, zilianza tarehe 4 Desemba 1976 huko Pidie. Kati ya 1989 na 1998 jeshi la Indonesia liliendesha operesheni kali, na watu wa vijijini walibanwa pande zote mbili: askari mchana, wapiganaji usiku. Wanaume walikimbilia milimani au mijini, na wanawake ndio waliobaki kulinda nyumba, kulima na kuzika. Rumoh Geudong, nyumba ya kizamani ya Pidie iliyogeuzwa kituo cha jeshi na mahali pa mateso, ilichomwa na wananchi mwaka 1998. Mwaka 2023 Rais Joko Widodo alifika hapo kuanzisha mpango wa serikali wa kuwafidia waathirika. Amani ilitiwa saini Helsinki tarehe 15 Agosti 2005.

20. Tsunami ilibadilisha nini?

Jumapili tarehe 26 Desemba 2004, dakika mbili kabla ya saa mbili asubuhi, ardhi ilitikisika, na muda mfupi baadaye bahari ikaingia. Gampong za Lhoknga na Lampuuk zilifutika. Picha ya msikiti wa Lampuuk uliosimama peke yake katika uwanda mtupu inajulikana duniani kote. Jimbo lilipoteza watu zaidi ya 160,000, kwa kuwahesabu na wasioonekana. Saa kadhaa baadaye mawimbi yaleyale yaliua watu Somalia, Kenya na Tanzania. Katika kisiwa cha Simeulue, wazee waliyahifadhi masimulizi ya wimbi la mwaka 1907, waliloliita smong, na watu walipanda vilimani mara tu ardhi ilipotulia; walikufa wachache sana.

Nyumba zaidi ya 100,000 zilijengwa upya, nyingi za matofali zenye mita 36 za mraba. Mipaka ya viwanja ilitafutwa kwa kumbukumbu za majirani, visiki na visima. Pale fomu ilipomwandika mume kuwa mkuu wa kaya, zilikuwapo nyumba zilizohama kutoka mikono ya kike bila mtu kukusudia, na hilo kwangu ni hasara isiyoonekana katika hesabu za majenzi.

21. Sheria ya Kiislamu ya jimbo inafikaje kijijini?

Kanuni ya jinai ilipitishwa mwaka 2014 ikaanza kutumika mwaka uliofuata. Viboko vya hadharani hufanyika zaidi katika miji ya wilaya. Kijijini sheria huonekana katika mavazi, na katika khalwat, yaani mwanamume na mwanamke wasio maharimu kukutwa faragha, ambayo ni mojawapo ya yale mashauri 18 ya swali la 9. Vijana wengine huwamwagia waliokamatwa maji machafu. Hilo ni dhuluma, na wazee wenye busara hulikataza, kwa kuwa adat yenyewe inataka aibu ya mtu isitiriwe.

22. Naweza kutembelea au kulala kijijini?

Unaweza. Mgeni anayelala huripoti kwa keuchik ndani ya saa 24, na mwenyeji wako ndiye atakayekupeleka. Vaa nguo za heshima, vua viatu chini ya ngazi, kula kwa mkono wa kulia. Ukikaribishwa kahawa, onja hata kama umeshiba. Wazee bado hutoa tambuu, kwa msemo wao «Mulia jamèe ranub lampuan»: heshima ya mgeni ni tambuu katika kisinia chake.

23. Ndoa ikivunjika, nani anabaki na nyumba?

Mke, ikiwa ni peunulang yake. Mume huondoka na nguo zake na kilicho chake, na mali waliyochuma pamoja, hareuta sihareukat, hugawanywa. Nyumba ikiwa imejengwa na mume juu ya kiwanja cha mke, kikao humkadiria fidia.

24. Mjukuu ambaye mzazi wake alifariki kabla ya babu hurithi?

Hali hiyo huitwa patah titi, daraja lililokatika. Kwa fikihi inayofundishwa katika dayah, mjukuu huyo huzuiwa na ami zake. Mkusanyo wa sheria za Kiislamu wa Indonesia wa mwaka 1991 unamruhusu asimame mahali pa mzazi wake, lakini vijijini wengi hawaendi mahakamani kuudai. Njia ya gampong ni babu kumwandikia hiba angali hai, mbele ya keuchik na imeum, na asipowahi, ami huombwa katika meunasah kumtengea yatima fungu kwa ridhaa. Wengi hukubali, kwa sababu kila aliyeketi pale anamjua mtoto huyo kwa jina.